Tanuri Lisilobebeka

Msafiri apitaye katika uwanda wa Ufipa, akitoka Sumbawanga kuelekea Nkansi, aweza hata leo kuyaona malungu yaliyosalia, yaani yale matanuri marefu ya udongo ambamo mafundi wa Kifipa waliyeyusha mtapo wa chuma. Naye mtunza makumbusho ayatazamapo hujiwa na swali la kikazi: kitu kama hiki kitaingizwaje katika daftari la mapokezi?

Daftari hilo lina kanuni zake. Kila kitu kipokelewacho hupewa namba ya peke yake, aghalabu yenye mwaka wa kupokewa ndani yake, kisha hujaziwa kadi: jina, vipimo, mahali kilipotoka, na namna kilivyopatikana. Jembe huzitii kanuni hizi pasi na taabu. Likiisha kuandikwa "jembe, chuma, Ufipa" hutiwa kabatini, na mstari huo ukawa ndio wasifu wake wote. Wala si haki kumlaumu karani, maana nafasi aliyopewa ni ya upana wa vidole viwili.

Ilungu halikubali kutendewa hivyo. Kimo chake ni takriban mita tatu, limejengwa kwa udongo wa kichuguu, na tako lake limezungukwa na matundu ya kupitishia mirija ya udongo, kwa kuwa lilivuta hewa lenyewe bila ya mivukuto. Na chuma kilichotoka humo kilikuwa kingali na taka, hata kikatiwa tena katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, ambalo ndilo lililovukutwa, kabla ya kumfikia mhunzi. Maadamu hapakuwa na awezaye kulipakia garini, waliotaka kulihifadhi walilazimika kuiandika kazi yenyewe, pamoja na dawa na miiko yake: Padre Wyckaert wa shirika la Mapadre Weupe mwaka 1914, Greig mwaka 1937 na Wise mwaka 1958 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, kisha Wembah-Rashid wa Makumbusho ya Taifa mwaka 1969. Kwa rai yangu maandishi hayo ndiyo kadi ya ilungu, nayo yameishinda mbali kadi ya jembe lililozaliwa humo.

Katika miaka ya 1990 mwanaakiolojia Bertram Mapunda aliongeza jambo linaloitia dosari hata ile nafasi ya "mahali". Aliyapambanua matanuri kwa masalio yake, yaani umbo la kuta, mirija na mavi ya chuma, akabainisha kwamba katika Nkansi, mbali na malungu, palikuwa na ufundi mwingine uitwao katukutu. Basi neno "Ufipa" juu ya kadi halitwambii chuma hicho ni cha ufundi upi wala cha zama zipi.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Kila ilungu lipewe namba pale pale liliposimama, pamoja na mchoro na vipimo vyake, na namba hiyo iandikwe katika kadi ya kila kitu kilichookotwa karibu nalo. Konzi ya mavi ya chuma nayo ihifadhiwe, ijapokuwa wageni wa makumbusho hawatasimama kuitazama. Kwani ndani ya chuma cha jembe hubaki chembe za taka za tanuri, na mpimaji wa maabara akizilinganisha na konzi ile aweza kukisia jembe lilitoka katika tanuri la namna gani.