"Ini" la Chaza: Uhakiki wa Istilahi za Ulaji

Kati ya 1903 na 1906 Royal Society ya London ilichapisha taarifa ya W. A. Herdman juu ya uvuvi wa chaza wa lulu katika Ghuba ya Mannar, Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini atakayetaka kueleza maungo ya chaza huyo kwa Kiswahili, akiwafuata wataalamu wa zama zile, atajikwaa kwenye neno dogo: ini.

Ndivyo walivyozoea kuiita tezi ya rangi ya kahawia inayolizunguka tumbo la chaza. Msomaji wetu wa Lubumbashi akisikia ini, huona ini la mbuzi na nyongo yake. Chaza hana nyongo. Mwaka 1926 C. M. Yonge, aliyemchunguza chaza wa kuliwa wa Ulaya, alieleza kwamba chembe za chakula huingia ndani ya seli za tezi hiyo na kumeng'enywa humo humo. Kwa hiyo neno ini halina upungufu tu, linapotosha. Sisi tunapendelea tezi ya mmeng'enyo.

Matamvua nayo yanahitaji tahadhari. Shuleni tulifundishwa kuwa ni viungo vya kupumulia, basi. Kwa chaza, matamvua ndiyo hasa yanayomlisha: silia zake huvuta maji, chembe hunaswa, kisha hupelekwa kwenye vibao vya midomo, ambavyo huchagua na kutupa kabla kinywa hakijapokea kitu. Meno hana, wala ulimi wa kukwangulia kama wa konokono. Mfasiri anayeandika "matamvua" bila maelezo humwacha chaza na njaa.

Kigumu zaidi ni kile kijiti angavu kinachozunguka tumboni. Kuna kishawishi cha kukiita fimbo ya kioo, lakini fimbo haikorogi, na kioo hakiyeyuki. Kijiti hiki huzungushwa na silia, ncha yake ikisuguana na ngao ndogo ya tumbo, nayo huyeyuka polepole na kutoa vimeng'enya vya kuvunja wanga. Mchi pia haufai, kwa kuwa hautwangi. Mwiko je? Kila mpishi wa bukari ataelewa mara moja, ingawa itabidi aambiwe kwamba mwiko huu huliwa na chungu chake, na kwamba hapa hatuzungumzii mwiko wa makatazo.