Fimbo na Upanga: Habari za Askofu Henry Despenser

Katika mambo ya kale ya Kanisa ziko habari ambazo walimu hupenda kuziruka, kwa kuwa zatia haya. Mojawapo ni habari za Henry Despenser, aliyekuwa askofu wa Norwich katika Uingereza tangu 1370 hata kufa kwake 1406. Lakini yafaa kuzisoma, tumpime yeye, na pamoja naye mtawa aliyetuandikia mengi juu yake, Thomas Walsingham wa St Albans.

Mwaka 1381 watu wa mashamba waliasi kwa sababu ya kodi ya kichwa. Katika Norfolk kiongozi wao alikuwa Geoffrey Litster, mtia rangi nguo. Askofu alivaa mavazi ya chuma, akawashinda karibu na North Walsham. Akamhukumu Litster kufa, akamwungamisha, akamwondolea dhambi. Kisha akafuatana naye hata penye kunyongwa, akimshika kichwa kisigonge chini alipokuwa akikokotwa. Walsingham ayasimulia haya kwa sifa, na kule kushika kichwa akuhesabu kuwa tendo la huruma. Hapa sikubaliani naye. Maana mkono uliokishika kile kichwa ni mkono wake yule aliyeamuru kamba. Aungamaye humwendea baba. Litster alimkuta baba na adui katika mtu mmoja.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Mwaka 1378 Kanisa la magharibi lilipasuka. Mwezi wa Aprili makadinali walimchagua Urban VI huko Roma. Baadaye wakamkana, na mwezi wa Septemba wakamchagua Clement VII, ambaye baadaye alikaa Avignon. Uingereza ilimfuata Urban, Ufaransa ilimfuata Clement. Urban akampa Despenser idhini ya kuhubiri vita vya msalaba, na rehema, yaani maondoleo ya adhabu ya dhambi, kwa watakaokwenda au kutoa mali. Watu wakatoa fedha na dhahabu, na wanawake wakatoa mapambo yao. John Wycliffe, aliyekufa 1384, aliyalaumu mambo hayo kwa maandiko yake.

Mei 1383 jeshi lilivuka bahari, likateka Gravelines na Dunkirk, kisha likauzingira mji wa Ypres tangu Juni hata Agosti. Basi angalia, msomaji: watu wa Ypres nao walikuwa upande wa Urban! Vita vilivyohubiriwa juu ya wafuasi wa Clement viliwaangukia watu wa papa yule yule. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Ypres haukutekwa, mfalme wa Ufaransa akaja na jeshi kubwa, na askofu akarudi kwao mikono mitupu.

Mwaka ule ule Bunge lilimshitaki. Lilimwuliza mbona hakutimiza mwaka wa utumishi, na mbona hakukusanya askari kwa hesabu aliyoahidi. Likamnyang'anya mapato ya uaskofu wake, asirudishiwe hata 1385. Lakini halikumwuliza mchungaji ana nini na upanga. Walsingham alisifu ushindi, Bunge likalaumu kushindwa. Wote wawili walitumia mizani moja. Kama Ypres ungalianguka, labda wangalimsifu.

Tusimnyime haki yake. Mwaka 1399, wengi walipomwacha Mfalme Richard II, Despenser hakumwacha, akatiwa kifungoni. Ushujaa wake ulikuwa wa kweli. Ila ushujaa hauhalalishi kazi isiyo yako, wala bidii ya mtu si ushahidi kwamba ametumwa na Mungu.

Mpasuko ule haukuponywa kwa upanga. Uliponywa katika mtaguso wa Constance, ambapo mwaka 1417 alichaguliwa Martin V, baada ya watu wa mataifa mengi kuketi na kusemezana. Despenser alikuwa amekwisha kufa miaka 11. Nasi vijijini, ikiwa Wakristo wamegawanyika, na tuulize kwanza ni nani atakayeketi na upande wa pili, kabla ya kuuliza ni nani mwenye nguvu.