Rosa Mistika mikononi mwa Watafiti Wanafunzi

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), imekwisha kuwavuta wanafunzi wengi wa utafiti, wala si ajabu. Iliwahi kupigwa marufuku mashuleni, kisha ikaruhusiwa. Hatuna nia ya kuihukumu upya. Tunachopima hapa ni namna inavyosomwa, maana usomaji wa mwanafunzi hufunua hali ya usimamizi aliopewa.

Tasnifu hizi karibu zote zina mifupa ileile: dhamira, wahusika, mandhari, migogoro, ujumbe. Mwanafunzi huingia katika riwaya kama karani wa sensa. Akitoka, mlango umeandikwa namba, lakini wenyeji hawakuzungumzishwa.

Tuchukue jina lenyewe. Rosa Mystica ni mojawapo ya sifa za Bikira Maria katika Litania ya Loreto wanayoisali Wakatoliki, na Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyepitia seminari, hakuliokota njiani. Mama yake Rosa anaitwa Regina, yaani Malkia, na hilo nalo hurudiwa-rudiwa mwishoni mwa litania hiyohiyo. Basi binti aliyebeba jina la Mama asiye na doa ndiye anayevunjwa mbele ya macho yetu. Mwanafunzi wa Kilutheri asiyepata kuisikia litania hiyo atalipita kama jina la ubatizo tu. Hapo ndipo kazi ya msimamizi inapoanza. Asimpe jibu, amtume kwa paroko jirani akaulize.

Wengine, hasa walio watumishi wa Neno, hukimbilia fundisho: wazazi wasizidishe ukali kama Zakaria, mabinti wajihadhari. Mahubiri hayo yaweza kuwa mema, lakini si utafiti. Afikaye kwenye fundisho upesi hivyo huwa ameiruka sehemu ya mwisho, ambamo Rosa na babaye wanasimama mbele ya hukumu ya Mungu. Kwa mtu aliyefundishwa kupambanua Sheria na Injili, hilo ni shamba ambalo halijalimwa. Tunavyosoma sisi, Sheria ndiyo inayosikika pale kwa sauti kuu, na tunaelekea kuamini kwamba mwandishi alikusudia hivyo, akilishtaki Kanisa lililowalea watu wake. Mwanafunzi atakayetupinga kwa ushahidi wa kurasa na apewe alama nyingi kuliko yule anayetukariri.

Liko jambo jingine, ambalo tasnifu hulitaja kwa sentensi moja na kupita. Rosa, baada ya kupigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana, anafika chuo cha ualimu Morogoro, na huko anaangukia mikononi mwa mkuu wa chuo mwenyewe. Msimamizi na binti anayemsimamia wakilijadili hilo ofisini, wanajadili pia viti walivyovikalia. Yeye ndiye mwenye kalamu ya alama. Yeye ndiye aamuaye kama sura ya tatu irudiwe au ipite. Hatuoni jinsi binti huyo atakavyoandika kwa uhuru juu ya mkuu yule, iwapo hana msimamizi wa pili awezaye kumwendea pasipo kuomba ruhusa kwa wa kwanza.