Walimu wa Wauguzi Waliovuka Bahari

Mwaka 2013, madaktari na wauguzi kutoka Marekani walianza kufundisha vyuoni Tanzania, Malawi na Uganda kupitia mpango wa mashirika ya Peace Corps na Seed Global Health. Wanastahili pongezi za dhati.

Kufundisha uuguzi penye uhaba wa vifaa ni kazi nzito hasa. Kitabu kimoja hupita mikono mingi, na chungwa ndilo hutumika kujifunzia kuchoma sindano.

Yupo pia mdoli aitwaye NeoNatalie, wa kujifunzia kumsaidia kichanga asiyepumua. Akijazwa maji ya uvuguvugu, hupata uzito na ulegevu wa kichanga. Mwanafunzi humkausha, humsugua mgongo, kisha huminya mfuko wa hewa wenye barakoa. Kifua kisipoinuka, mwalimu humrekebishia barakoa, na wote wanaanza upya.