Unyayo wa Vidole Sita

Katika Kiswahili lipo neno kigego. Kamusi hulieleza kuwa ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini, ambaye zamani alihesabiwa kuwa ni mkosi kwa jamaa zake. Wapo walioondolewa nyumbani, na wapo walioondolewa duniani. Kidole cha mkunga au cha bibi kilipapasa ufizi, na hukumu ikapita bila karatasi wala mhuri. Naanza na neno hili kwa sababu vijana wetu wanapokutana na riwaya za Kizungu zinazosimulia nchi za kubuni, ambamo watoto hukaguliwa miili kabla ya kuruhusiwa kuishi, hudhani kuwa hizo ni habari za dunia nyingine. Kumbe mkaguzi huyo tulikuwa naye kwetu zamani.

Katika kundi la riwaya hizo, ile niionayo kuwa na nguvu zaidi ni The Chrysalids ya Mwingereza John Wyndham, iliyotoka mwaka 1955. Mandhari yake ni Labrador, miaka mingi baada ya maangamizi yaliyoharibu uzazi wa mimea, wanyama na watu. Katika kijiji cha Waknuk sheria ya dini imeandika umbo la mtu lilivyo sahihi, na asiyetimia hahesabiwi kuwa mtu. David, kijana anayesimulia, anamfahamu msichana aitwaye Sophie ambaye ana vidole sita mguuni. Wazazi wa Sophie wamemficha kwa miaka. Siku moja anacheza kijitoni, anakanyaga jiwe, na mtoto mwingine anauona unyayo wa maji kabla haujakauka. Basi, siri imekwisha. Mwandishi hakuhitaji kutuletea askari wala bunduki. Unyayo ule mmoja unatosha kutuonyesha kwamba katika jamii yenye hofu hata mchezo wa mtoto hugeuka ushahidi.

Hata hivyo mwisho wa riwaya hiyo haunipendezi. David na wenzake wana tofauti isiyoonekana: husomana mawazo wakiwa mbali. Mwishowe wanaokolewa na watu wa nchi ya mbali wenye kipawa hicho hicho, nao waokoaji wanawaua wakaguzi na waliofukuzwa kwa pamoja, wakieleza kuwa aina mpya ya watu lazima ichukue nafasi ya aina ya zamani. Sophie, ambaye tofauti yake ni vidole tu wala haina faida kwa yeyote, amekwisha kufa. Msomaji makini atauliza: je, ukaguzi umekomeshwa, au umebadilishiwa mkaguzi? Wyndham amemwokoa mwenye kipawa, akamwacha mwenye kilema. The Giver ya Mmarekani Lois Lowry, ya mwaka 1993, haitoi faraja ya namna hiyo. Humo baba mpole, mlezi wa watoto wachanga, anawapima mapacha uzito na kumchoma sindano ya kifo yule mdogo, huku akisema naye kwa sauti ya upole. Upole ule unatisha kuliko ukali wote wa Waknuk.

Sasa turudi nyumbani. Kitabu chetu cha jambo hili ni Takadini cha Ben J. Hanson, ambacho kwa miaka mingi kimesomwa katika fasihi ya Kiingereza ya kidato cha tatu na cha nne. Sekai, mke wa Makwati, amekaa miaka mingi bila mtoto. Anapojaliwa, mtoto anazaliwa na ualbino, na mila ya kijiji inataka auawe. Mama anamfunga mgongoni na kutoroka. Anapokelewa katika kijiji kingine na mzee Chivero, mpiga mbira, ambaye baadaye anamfundisha mtoto kupiga ala hiyo.

Vijana wa hapa Chanika huja kwangu na kitabu hiki mtihani unapokaribia. Mara nyingi wanakuja pia na notisi za kurudufu zenye orodha ya dhamira: mila potofu, mapenzi ya mama, nafasi ya mwanamke. Orodha hiyo si ya uongo, ila imelala. Kijana akishaandika "mila potofu" amekwisha kulisukuma jambo lote kwa watu wengine, wa Zimbabwe, wa zamani za kale. Yeye anabaki nje ya kitabu, mikono safi. Katika chuo cha ualimu nilikuwa nikiwaambia walimu wanafunzi kuwa swali la fasihi huanza pale msomaji anapotafuta mahali pake hadithini. Angekuwa Sekai, au angekuwa mmoja wa waliosubiri nje ya nyumba?

Wala mambo haya si ya kale. Kuanzia mwaka 2006 na 2007 hivi, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino waliwindwa na kukatwa viungo, kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri wa madini na samaki. Mitaani waliitwa "dili". Neno zeruzeru lilikuwa la dharau. Hili jipya lilikuwa la biashara, nalo ni baya zaidi, maana mtu wa kudharauliwa huachwa apite, lakini bidhaa hutafutiwa mnunuzi. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, na mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfan Bar'wani. Hatua hizo zilikuwa za heshima. Lakini katika miaka hiyo hiyo watoto wengi walikusanywa nyuma ya kuta za vituo na shule kama Buhangija huko Shinyanga, Mitindo huko Misungwi na Kabanga huko Kasulu, ili wasiuawe. Waliokolewa, na kuokolewa kwenyewe kukawatenga na mama zao. Wyndham angelitambua jambo hilo.

Riwaya iliyoandikwa kutokana na mauaji hayo ni Golden Boy ya Mmarekani Tara Sullivan, ya mwaka 2013. Habo, mvulana wa miaka 13 mwenye ualbino, anawindwa Mwanza na kukimbilia Dar es Salaam. Huko anamfanyia kazi mchongaji wa vinyago aitwaye Kweli, ambaye ni kipofu, na Habo anamficha jinsi alivyo. Sullivan anajua kusimulia, na sura za kukimbia zina pumzi fupi kama inavyopasa. Lakini nina swali kuhusu upofu wa Kweli. Mwandishi amempa Habo amani yake ya kwanza kwa mtu asiyeweza kumwona. Hiyo ni njia rahisi. Kutobagua kwa asiyeona si sifa. Tunayemtaka ni mwenye macho mazima, anayeona ngozi ile, nywele zile na macho yale yanayokwepa mwanga, kisha akasogea kwenye mkeka akasema, "Karibu, keti." Hapo Hanson amemshinda Sullivan, kwa sababu mzee Chivero anaona.

Kuna jambo moja ambalo riwaya hizi zimeligusa kidogo mno, nalo ni hesabu. Mtoto huzaliwa na ualbino pale baba na mama wanapompa, kila mmoja, jeni ya ualbino. Mwenye jeni moja tu haonekani kuwa tofauti na wenzake; anaweza kuwa mweusi kama mkaa. Wazazi wawili wa namna hiyo, katika kila mimba, wana bahati moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ualbino. Kwa nchi yetu makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtu 1 katika kila 1,400, wakati Ulaya ni 1 katika kila 17,000 hadi 20,000. Ukiikokotoa hiyo 1,400 kwa kanuni ya urithi, utaona kuwa karibu mtu 1 katika kila 19 amebeba jeni hiyo bila kujua. Katika darasa la wanafunzi 57 ni kama watatu. Katika daladala iliyojaa kuelekea Gongo la Mboto, yumo mmoja au zaidi.

Basi mwenye tofauti iliyofichika ni nani? Si Habo, ambaye tofauti yake huonekana toka mbali. Ni sisi tulio weusi, tuliobeba jambo ambalo kidole cha bibi hakiwezi kulipapasa. Mume aliyemfukuza mkewe akidai kuwa mtoto si wake amejihukumu mwenyewe, kwani mtoto asingezaliwa hivyo bila jeni ya baba pia. Wazee walisema kitanda hakizai haramu, na elimu ya urithi imewaunga mkono kwa namna ambayo hawakuitarajia.

Mwandishi wa Kenya Katama Mkangi alitoa mwaka 1995 riwaya kuhusu nchi ya kubuni aliyoiita Walenisi. Lina mambo mengine kitabu hicho, lakini jina lake ukilikata vipande linasomeka "wale ni sisi". Mwalimu atakayefundisha Takadini namshauri asianze na orodha ya dhamira. Aandike ubaoni 1,400, awaongoze wanafunzi hadi kuipata 19, kisha awaambie wahesabu waliomo darasani. Baada ya hapo ndipo wafungue ukurasa wa kwanza.