Hongera Wachoraji wa Mabango wa Garissa

Pongezi hizi ni za wachoraji wa mabango wa Garissa, mafundi ambao kazi yao inaonekana mji mzima lakini majina yao hayajulikani. Mlangoni pa kinyozi kuna uso wa kijana aliyenyolewa akapendeza. Kwenye bucha, ngamia mnene. Mara nyingi ni rangi ya mafuta juu ya bati.

Kuchora juu ya madini si jambo geni duniani. Katika karne ya 17, Waholanzi walichora sura za watu kwa mafuta juu ya bamba za shaba. Rembrandt alijichora hivyo mwaka 1630. Wengine wengi hawakuacha saini. Shaba hainywi rangi, hivyo hata unywele mmoja huonekana.

Bati ni kaidi zaidi. Fundi hulipiga msasa, akalipaka rangi ya kuzuia kutu, akangoja likauke, ndipo achore macho kwa brashi nyembamba. Jua na vumbi vikilishambulia, uso ule bado humwita mteja, hata asiyejua kusoma.

Mafundi, hongereni. Mlipwe inavyostahili, na kila bango mlitie saini.