Malio ya Kiko

Mpanda Kilimanjaro anayefuata njia ya Machame, akishatoka kwenye msitu mnene, huingia eneo la miti iliyopindapinda, yenye vijani vyembamba mithili ya sindano na ndevu za kijivu zinazoning'inia ukunguni. Ni jamii ya erika. Mmojawapo, ambao wataalamu wa mimea wameuandika Erica arborea, huota katika milima mirefu ya Afrika Mashariki na Ethiopia, kisha huruka karibu jangwa lote na kuibukia kando ya Bahari ya Mediterania: Calabria, Corsica, Sardinia, Ugiriki, Algeria. Huku kwetu watalii huupiga picha, na kuukata ndani ya hifadhi ni kosa. Kule watu huufukua wakachonga kiko.

Kiko cha mti ni kitendawili. Unachukua kitu kinachowaka, unakitia moto tumboni, halafu unataka kisiungue. Mbao ya kawaida hutoboka upesi. Erika hustahimili miaka, na siri yake imo chini ya udongo. Kati ya shina na mizizi huota nundu ngumu, na nundu hiyo ndiyo akiba ya mti: moto wa nyika ukipita ukateketeza matawi yote, machipukizi mapya hutokea hapo. Nyuzi zake zimesongamana, ndani mna madini ya silika yaliyofyonzwa ardhini, na pamoja na ugumu wote huo ina vinyweleo vinavyokunywa unyevu wa moshi. Nundu ya kufaa huwa na umri wa miaka 30 hadi 60, pengine zaidi. Kijana wa Calabria anayeifukua kwa sururu anatoa ardhini kitu kilichoanza kukua kabla yeye hajazaliwa.

Ikishatoka, hairuhusiwi kukauka. Jua la siku moja linatosha kuipasua, kwa hiyo hufunikwa na kumwagiwa maji mpaka zamu yake ya msumeno ifike. Mpasuaji hukaa mbele ya msumeno wa duara, nundu mikononi, vidole karibu na meno ya chuma kiasi cha kumtia mtazamaji kichefuchefu. Hana mchoro. Anaigeuza nundu, anaiangalia, anakata. Ufa umejitokeza, anaigeuza tena. Sehemu ya nje, ambako nyuzi zimenyooka kwenda juu, hutoa vipande vya bei kubwa. Sehemu ya ndani hutoa vipande vidogo, nyuzi zake zimezungukazunguka, na humo ndimo vinamotoka viko vingi vya bei ya chini. Kisha vipande vyote huchemshwa katika mapipa ya shaba kwa saa 12 au zaidi, maji yanageuka mekundu, utomvu na ile tanini chungu vinatoka. Baada ya hapo hukaushwa kivulini, polepole, kwa miezi mingi, na wengine huviacha miaka. Mtu mwenye haraka hana kazi hapa.

Ulimwengu ulijifunza kutengeneza viko hivi Saint-Claude, mji mdogo wa milima ya Jura nchini Ufaransa. Wakulima wa huko walikuwa na majira marefu ya baridi yasiyo na shamba la kulima, na mito yenye nguvu ya kuzungusha mashine za kukerezea. Walikereza rozari, vijiko na visanduku vya ugoro kwa mbao ngumu za kwao, na katikati ya karne ya 19 erika ilipofika kutoka kusini wakaipokea kama watu waliokuwa wakiisubiri. Mji mzima ukawa wa viko. Leo karakana zilizobaki ni chache, na ufundi wenyewe umesambaa: yuko fundi Italia, yuko Denmark, na Marekani wako wengi wanaofanya kazi peke yao katika banda la gari nyuma ya nyumba, wakiagiza vipande vya erika kwa gunia.

Tumbaku inaua, na mimi sivuti. Ninachokitazama hapa ni mkono wa fundi, na hasa wa yule ambaye magazeti ya anasa hayamwandiki: fundi wa karakana ndogo anayetengeneza kiko ambacho mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kukinunua bila kumficha mkewe risiti. Viko vya mafundi wakubwa huuzwa kwa mamia ya dola, vingine kwa maelfu. Ukiwa na kipande cha mti kisicho na dosari na wiki nzima ya kukipapasa, kiko kizuri karibu kinakudai tu uvumilivu. Mwenye kipande chenye kovu na asubuhi moja ndiye ninayemwonea kijicho.

Lugha yetu ina maneno kamili ya kazi hii, ingawa tumeyaacha yalale kwenye makamusi ya kale. Pale tumbaku inapowaka panaitwa bori. Mrija unaotoka kwenye bori ni digali. Sehemu inayoingia mdomoni ni shilamu. Wazee wa pwani walikuwa na kiko cha maji: bori juu, digali likishuka ndani ya kifuu cha nazi au kibuyu chenye maji, na shilamu ikitokea ubavuni. Ile sauti ya maji yakibubujika mvutaji anapovuta nayo ina jina lake: malio ya kiko. Sauti hiyo ilikuwa sehemu ya starehe yenyewe.

Sasa, kwenye kiko cha erika malio ni aibu. Kikilia, maana yake unyevu umejikusanya mahali usipotakiwa, na mahali hapo ni kosa la fundi. Ukitaka kuelewa kwa nini kiko kimoja cha bei ndogo ni hazina na kingine ni takataka, anza na sauti hiyo.

Kiko kina matundu matatu. La kwanza ni bori lenyewe, upana wa milimita 19 au 20 hivi, linalotobolewa kwa keekee yenye ncha ya mviringo ili sakafu yake iwe kama ya kikombe. La pili ni tundu fupi mwishoni mwa digali, ambamo ulimi wa shilamu huingia. La tatu ni njia ya moshi, nyembamba, milimita 3.5 hadi 4, inayoanzia kwenye tundu la pili na kupenya mpaka bori. Hili la tatu ndilo lenye kesi. Linatakiwa litokee sakafuni kabisa mwa bori na katikati. Likitokea juu kidogo, tumbaku ya chini haiwaki, inabaki tope chungu. Likipinda kushoto, moto unakula ukuta mmoja. Likishuka kupita kiasi, linachimba sakafu na kuifanya nyembamba. Na ulimi wa shilamu usipofika mwisho wa tundu lake, pakabaki uwazi, moshi wa moto hupoa hapo, unageuka maji, na kiko kinaanza kulia.

Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana dukani. Mnunuzi hutazama rangi, hutazama nyuzi, hukiweka kiko mdomoni mbele ya kioo. Fundi mvivu anajua hilo vizuri sana.

Fundi ninayemsifu hutoboa kwanza, huchonga baadaye. Mafundi wa viko ghali mara nyingi hufanya kinyume: huchonga umbo wanaloliota, kisha hutafuta jinsi ya kulipitishia matundu, na hiyo ni kazi ya saa nyingi yenye hatari ya kuharibu kila kitu dakika ya mwisho. Huyu wetu amejitengenezea kishikio cha chuma kinachobana kipande katika pembe moja isiyobadilika. Anafunga, anatoboa matundu matatu, anafungua, anafunga kingine. Matundu yake yakiwa sahihi mara moja, yatakuwa sahihi mara mia. Maumbo anayotengeneza ni machache, manne au matano: kilichonyooka, kilichopinda kidogo, chenye bori la mviringo kama tufaha, na kadhalika. Hana ubunifu, watasema. Ubunifu wake ameumalizia kwenye kile kishikio.

Baada ya matundu kipande huenda kwenye gurudumu la msasa. Hapo ndipo mti unaposema ukweli wake. Erika hukua kwenye ardhi ya mawe. Ndani ya nundu hubaki changarawe, vijishimo na mistari ya majeraha ya zamani ambayo hakuna jicho linaloiona kabla msasa haujaifikia. Unaweza kusaga uso mzima ukang'aa, ukabakiza milimita moja, na shimo likakuchungulia. Wachonga mpingo wa Mwenge wanaijua hali hiyo: gogo limekufuata vizuri tangu asubuhi, halafu linafungua mdomo.

Kiwanda kikubwa kina dawa ya haraka. Huziba shimo kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, hupaka rangi nzito, huongeza vanishi inayometa, basi. Mezani kwangu ninapoandika ninacho kimoja cha aina hiyo. Ukikielekeza dirishani unaliona doa, lina weusi mkavu usiofanana na weusi wa mti. Vanishi hiyo huziba vile vinyweleo ambavyo ndivyo vilivyofanya erika ichaguliwe, na joto likizidi inavimba malengelenge. Fundi wa karakana ndogo ana njia mbili za heshima zaidi. Anaweza kukichimbachimba kiko chote kwa kipatasi mpaka kiwe na magamba kama ganda la mti, na shimo likapotelea katika shimo mia. Au akipulizie mchanga kwa mashine ya upepo, ukala sehemu laini na kuacha ngumu, mpaka pete za umri wa nundu zisimame kama mistari ya kiganja. Dunhill wa London walianza kuuza viko vya mchanga mwaka 1917, na wakaufanya uso huo uliokwaruzika kuwa fahari. Watu wakasahau kwamba mchanga ni rafiki mkubwa wa kipande chenye kovu.

Ipo pia njia ya tatu, nayo ndiyo inayonigusa. Anaacha kovu wazi. Hapaki rangi, hazibi kitu, anapitisha nta ya carnauba kwenye gurudumu la kitambaa na kupunguza bei. Kovu liko juu juu, halifiki kwenye bori, halidhuru uvutaji. Mnunuzi analiona, fundi naye anajua kwamba limeonekana.

Kwenye shilamu huwa napunguza ukali. Kukereza shilamu kutoka kwenye fimbo ya eboniti, ule mpira uliopikwa kwa salfa mpaka ukawa mgumu kama pembe, kunaweza kula muda kuliko bori lenyewe. Fundi wa bei ndogo hununua shilamu zilizokwisha kumiminwa kwenye kalibu, na hana la kuona haya. Lakini shilamu ya kalibu huja nene, na mwanya wake wa mdomoni ni tundu la mviringo tu. Fundi mzuri hukaa nayo: tupa nyembamba inaingia, mwanya unapanuliwa uwe kama upepeo uliokunjuliwa ili moshi ujitandaze ulimini badala ya kuuchoma kama sindano, kisha ncha inapunguzwa unene mpaka meno yaisahau. Dakika kumi na tano. Katika kiko kizima ni dakika hizo ambazo mvutaji atazihisi kila siku bila kujua ni za nani. Baadaye eboniti itapauka kwa jua na kuwa na ukijani. Akriliki haipauki, ila meno huichukia. Kila mtu na shida anayoichagua.

Kuuza ni kazi nyingine, na nitaipita haraka kwa kuwa ni ya kuchosha hata kwa mafundi wenyewe. Madukani Ulaya na Marekani kuna kapu kaunta, limejaa viko visivyo na jina, na wengi wanaoanza huanzia hapo. Makampuni yenye majina nayo huuza vilivyokosewa kwa jina lingine. Katika miaka ya 1920 Dunhill waliunda kampuni ya Parker kwa shughuli hiyo hasa. Huku kwetu nako, mjini Arusha, katikati ya karne ya 20, palitengenezwa viko vya jiwe jeupe na jepesi lililochimbwa upande wa Amboseli, jiwe ambalo Wajerumani hulipa jina la povu la bahari. Chapa yake ilikuwa neno letu lenyewe, Kiko, pamoja na tembo. Wajuzi walisema jiwe la Uturuki ni bora kuliko hilo, na baadhi ya viko hivyo vilivikwa ngozi. Bei yake ilikuwa ya mtu wa kawaida, na hadi leo wapo wakusanyaji wa ng'ambo wanaolitamka neno la Kiswahili kila wanapokitoa kabatini bila kujua kwamba ni la Kiswahili.

Ukijikuta mbele ya kapu la viko visivyo na jina, acha rangi. Omba ule waya laini wenye manyoya wa kusafishia, uingize kwenye shilamu, usukume taratibu bila kuivuta shilamu itoke. Usikilize kama unakwama pale ulimi unapokutana na digali. Kisha inamisha kiko kwenye mwanga, chungulia ndani ya bori. Ncha ya waya ikitokea imelala sakafuni, katikati, mtajie muuzaji bei.